Ngao na spotlaiti: Za porini au za kuuzia sura?

Wiki hii tunaachana kidogo na habari za rimu na muziki wa kwenye buti, kwani kuna kijana mmoja wa Tabata kanitupia swali ambalo nikimjibu yeye peke yake nitakuwa mchoyo. Anasema hivi: "Kaka, nimevuta Toyota Hilux Surf, ile 185. Kila mwisho wa mwezi naenda Ifakara kufuata mchele, na mara nyingi narudi usiku. Nataka nipige ngao mbele, spotlaiti nne na ile taa ndefu ya juu ya paa. Washikaji wanasema itakuwa babu kubwa. We unasemaje?"

Mdogo wangu, kwanza hongera kwa chombo. Pili, nusu ya hayo unayoyataka yana maana kwa safari zako, nusu nyingine ni ubishoo mtupu, na bahati mbaya hiyo nusu ya ubishoo ndiyo washikaji zako wanayoisifia. Tena sehemu yenyewe hasa ya kazi, ile itakayoamua kama umefunga vifaa au umefunga balaa, hakuna mshikaji atakayeiona. Iko nyuma ya ngao na chini ya boneti.

Ugonjwa huu wa kujaza vyuma na taa mbele ya gari haukuanzia Sinza wala Kinondoni. Wazee wetu waliokuwa wakisimama kandokando ya barabara kuangalia Safari Rally wanaujua vizuri. Mbio zile zilianza mwaka 1953 zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi magari yalikimbizwa kwenye barabara ambazo hazikufungwa: ng'ombe wamo, punda wamo, basi la abiria nalo linakuja. Saluni za watu, ambazo kwao Ulaya na Japani hazijui ngao ni kitu gani, zikifika huku zilivikwa vyuma na mataa. Halafu mwaka 1991 ikaja Camel Trophy, ikaanzia hapa hapa Dar es Salaam kwenda Burundi. Land Rover Discovery za rangi ya njano ya mchanga, ngao mbele, taa juu, taa chini, winchi, keria. Nani asingechanganyikiwa? Tangu hapo kila mwenye gari ya fowili anaona bila ngao gari yake iko uchi.

Tatizo ni kwamba zile Discovery zilikuwa zinakwenda porini kweli. Gari nyingi zenye ngao mjini hapa pori lake kubwa ni Mbezi kwenda Posta na kurudi. Kama wewe ni wa kundi hilo, ukweli ni kwamba ngao huihitaji, na nikifika mbele kidogo nitakwambia kwa nini naona hata usiwe nayo kabisa.

Lakini huyu wa Ifakara ana hoja. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inaikata mbuga ya Mikumi kwa kilometa kama 50, na yeye hupita humo kabla hajafika Mikumi mjini na kukata kushoto kuelekea Kidatu. Ukipita pale unakutana na bango la faini, kila mnyama na bei yake kwa dola, na wanyama wenyewe wapo kweli. Swala, ngiri, nyani, nyati, twiga, tembo, wote wanavuka wanapojisikia. Ukishaiacha mbuga unakutana na ng'ombe, mbuzi, na baiskeli zilizobeba mkaa bila taa hata moja.

Sasa hiyo ngao inasaidia nini hapo? Inasaidia kuokoa rejeta. Basi. Ukimgonga mbuzi au ngiri kwa bampa la plastiki, plastiki inavunjika, taa inapasuka, rejeta inatoboka na maji yanamwagika. Umebaki katikati ya mbuga saa nne usiku huku simu inatafuta mtandao. Ngao nzuri inakufanya uendelee na safari hadi kwenye taa na watu. Hiyo ndiyo kazi yake, na ni kazi ya maana.

Isichokifanya ni kukulinda na mnyama mkubwa. Wapo vijana wanaodhani wakishafunga ngao wanaweza kupita Mikumi kwenye 120 kama wana kifaru cha jeshi. Tembo dume anafika tani sita. Surf yako na mchele wote haifiki nusu ya hapo. Twiga ndiyo kabisa: ngao inamkata miguu, halafu mwili wote, ambao uko juu ya boneti yako tangu mwanzo, unakuja kukaa kwenye kioo, mahali ulipo wewe na dada uliyempa lifti. Kwa hao dawa ni kupunguza mwendo, hakuna chuma kitakachokusaidia.

Tuje kwenye kuchagua. Mjini kuna ngao za aina mbili. Kuna ile ya mabomba yanayong'aa, inafungwa kwa boliti nne ndogo kwenye bampa au kwenye vibati vya mbele. Hiyo ni hereni. Ukigonga kitu chochote kizito kuliko kuku, inarudi nyuma na kuisukuma rejeta yenyewe, yaani kitu ulichonunua kulinda rejeta ndicho kinachoitoboa. Na kuna ile kamili, inayotoa bampa la kiwandani na kukaa mahali pake, ikiwa imeshikwa kwenye ncha mbili za chesisi. Ukitaka ngao, ni hii. Vinginevyo acha, ukanunue tairi.

Ngao kamili ya chuma huwa na uzito wa kilo 40 hadi 80, kutegemea gari na unene wa chuma. Ongeza winchi, kilo nyingine 25 hadi 40. Ya alumini inapungua karibu nusu, ila bei yake inapanda na ikipinda hapa kwetu si kila fundi anaweza kuichomelea. Sasa sikiliza jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Uzito huo hauko juu ya ekseli, uko mbele yake, umening'inia kama mtoto kwenye ncha ya bembea ya ubao. Kwa hiyo ekseli ya mbele inabebeshwa zaidi ya zile kilo za ngao yenyewe, na nyuma gari inanyanyuka kidogo. Pua inainama. Springi za mbele za Surf 185 zilizokwishatembea miaka zaidi ya 20 ukizitwisha kilo 80 zinalala kabisa, na kila shimo unalisikia kwenye meno. Breki zinabadilika, usukani unabadilika. Mtu anayekuuzia ngao bila kukuuliza hali ya springi na shokapu zako anataka mshiko wako tu.

Halafu kuna suala la eabegi. Gari nyingi tulizoagiza Japani kuanzia katikati ya miaka ya 1990 zinazo. Zinaamshwa na vihisio vinavyopima jinsi gari inavyosimama ghafla, na vimepangwa kwa pua ile iliyotoka kiwandani, ambayo imetengenezwa ikunjike kwa hatua. Ukiweka chuma kigumu kisichokunjika, kigongo kinafika kwenye chesisi kwa namna nyingine, na eabegi inaweza kufumuka bure kwa kugonga mti mdogo, au ikachelewa siku unapoihitaji kweli. Makampuni yanayojiheshimu, kama ARB ya Australia iliyoanza mwaka 1975, hutengeneza ngao kwa kila modeli ya gari na kuweka vishikio vinavyokubali kukunjika. Ya Gerezani hakuna aliyeipima. Sisemi mafundi wa Gerezani hawajui chuma. Wanakijua, tena kichizi. Nasema tu hakuna aliyegongesha Surf tatu ukutani kuona nini kinatokea.

Ukiamua kutengenezesha hapa, na wengi ndiko mtakakokwenda kwa sababu ya mfuko, kuna mambo manne nisingemwachia fundi aamue peke yake. Bomba la maji lile lililopakwa zinki asitumie; moshi wake wakati wa kuchomelea unamuumiza yeye mwenyewe, na pale penye zinki kiungo hakishiki vizuri. Asichomelee kitu chochote moja kwa moja kwenye chesisi. Ngao ishikwe kwa boliti, zile za milimeta 12 zilizoandikwa 8.8 kichwani, zikipita kwenye matundu ambayo kiwanda kiliyaacha. Kama kuna lazima ya kuwasha mashine ya kuchomelea karibu na gari, vichwa vya betri vitolewe kwanza, maana umeme ule ukitafuta njia kupitia kompyuta ya injini, utalia. Na ngao isizibe taa, indiketa wala namba ya gari. Wengine wanapachika bango la kilabu cha mpira katikati ya rejeta halafu wakipanda Kitonga gari inachemka wanalaumu maji.

Nilisema nitaeleza kwa nini mtu wa mjini naona asiwe nayo. Boneti ya gari ya kisasa ni laini kwa makusudi. Mtu akigongwa, bampa linaingia ndani, boneti inabonyea, na yale mabonyeo ndiyo yanayompunguzia kigongo. Ngao inaondoa yote hayo. Bomba gumu liko kwenye urefu wa nyonga ya mtu mzima, na kwa mtoto anayevuka Manzese kwenda shule liko kwenye kichwa na kifua. Ajali ya mwendo mdogo, ambayo angeinuka akafuta vumbi na kukutukana, inakuwa ya kumpeleka Muhimbili. Umoja wa Ulaya uliliona hilo, ukatoa agizo mwaka 2005, na tangu mwaka 2007 ngao mpya zinazouzwa huko lazima zipimwe kwanza kama hazimuui mtembea kwa miguu. India nayo Desemba 2017 serikali yake iliyaagiza majimbo yawachukulie hatua wenye magari waliofunga ngao. Hapa kwetu bodaboda na watoto ni wengi kuliko swala. Kama hutoki nje ya Kibaha, hiyo ngao unamfungia nani?

Na wewe wa Ifakara, siku 25 za mwezi unashinda Tabata. Kwa hiyo ngao yako iwe na kona za mviringo, isiwe na ncha zinazochomoza, isiwe na vile vichuma vya kutundikia bendera. Na mwendo wa mtaani uwe wa mtaani.

Haya, taa.

Hapa ndipo kijana wetu kanichekesha. Spotlaiti nne na taa ndefu ya paa! Unakwenda kufuata mchele au kuchezesha mpira usiku? Tufanye hesabu kidogo, msikimbie. Ukiwa kwenye kilometa 100 kwa saa gari inakula karibu mita 28 kila sekunde. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja na nusu kuona kitu, kuelewa ni nini na kukanyaga breki. Mita 42 hizo zimeshakwenda na gari haijaanza hata kupunguza. Kwenye lami kavu, tairi nzuri, unahitaji nyingine 55 hivi kusimama. Jumla inakaribia mita 100. Taa zako za dimu zinamulika vizuri mita 50, zikijitahidi 60. Maana yake ukitembea 100 usiku kwa dimu, nyati akisimama barabarani utamwona ukiwa umeshamgonga. Fulu inasaidia, na taa za ziada zikiwa nzuri zinasogeza mbali zaidi. Hapo ndipo thamani yake ilipo, kuona mapema. Kwa vumbi na kokoto, breki zinahitaji nafasi kubwa zaidi ya hiyo, kwa hiyo punguza hesabu mwenyewe.

Ila kabla hujanunua chochote, ziangalie taa ulizonazo. Vioo vimefifia kama macho ya babu, balbu ni zile za kariakoo za buku mbili, na umeme unaofika kwenye balbu umechoka. Balbu ya halojeni ina tabia moja ya ajabu: ukiipunguzia umeme kwa asilimia 10 tu, mwanga unapungua karibu theluthi. Yaani waya mwembamba na viungo vyenye kutu vinakuibia theluthi ya taa bila wewe kujua. Wengi wakisafisha vioo, wakaweka balbu za maana na kubadilisha waya, wanakuta hamu ya spotlaiti imepungua yenyewe.

Bado unazitaka? Basi mbili zinatosha. Chukua moja yenye mwanga mrefu mwembamba wa kwenda mbali na moja yenye mwanga wa kutawanyika, ili uone na pembeni kwenye majani, maana mnyama hatokei katikati ya barabara, anatokea pembeni. Siku hizi LED zimetawala, na kwa haki kabisa: zinakula umeme kidogo na hazivunjiki nyuzi kwa mtikisiko. Lakini usidanganywe na maandishi ya kwenye boksi. Taa ya ukubwa wa kiganja imeandikwa wati 300 na mwanga wa kuwasha kijiji; ukiipima inakula wati 30. Ushike mkononi, uangalie uzito wa mgongo wake wa chuma unaopozea joto, uangalie mpira wa kuzuia maji. Kama kampuni inasema mwanga wake unafika mita ngapi kwa kiwango cha lux 1, angalau hao wanajua wanachokizungumza. Na rangi, achana na ile nyeupe yenye ubluu. Inapendeza kwenye picha, ila kwenye vumbi, mvua na ukungu inakurudia usoni kama umemulika shuka.

Hiyo ya paa sahau. Inamulika boneti yako mwenyewe, na boneti inakurudishia mwanga machoni. Kwenye vumbi la gari iliyotangulia ndiyo huoni kitu kabisa, kwa vile mwanga unatokea karibu na macho yako na kurudi hapo hapo. Ya paa ni ya kazi ukiwa umesimama, mnatengeneza tairi au mnapiga hema.

Sasa tuingie kwenye waya, na hapa naomba tusichoke, kwa sababu gari nyingi zinazoungua kwa ajili ya spotlaiti zinaungulia hapa. Fundi wa haraka haraka anafanyaje? Anachukua waya mwembamba wa redio, anaukata waya wa taa kubwa, anaunganisha kwa kuzungusha vidole, anafunga na plasta, anapitisha kwenye swichi ya plastiki aliyoitoboa kwenye deshibodi. Taa zinawaka, unampa chake, mnapeana mikono. Hesabu yake ni hii: spotlaiti mbili za halojeni za wati 100 kila moja ni wati 200. Gawanya kwa volti 12, unapata karibu ampea 17. Swichi ile ndogo imetengenezewa 10 ikizidi sana. Kwa hiyo inapata joto, plastiki inalainika, waya unaiva, na wewe uko Doma unasikia harufu unadhani ni mama lishe anakaanga.

Njia ya watu wazima ni hii. Waya mnene, wa milimeta 4 za mraba, unatoka moja kwa moja kwenye chanya ya betri. Sentimeta 15 au 20 tu kutoka betrini kuna fyuzi. Si nusu mita mbele, si kwenye deshibodi, hapo hapo, kwa sababu fyuzi hailindi kipande cha waya kilicho nyuma yake. Kwa wati 200, fyuzi ya ampea 25. Kwa LED mbili za wati 40, zinazokula kama ampea 7, fyuzi ya 10 inatosha. Kutoka kwenye fyuzi waya unaingia kwenye rilei, mguu namba 30. Mguu namba 87 unakwenda kwenye taa. Miguu ya 85 na 86 ndiyo ya kuamrisha, inabeba umeme kiduchu sana, na ndiyo peke yake inayopita kwenye swichi yako. Hivyo ampea 17 zote zinabaki chini ya boneti na kidole chako kinachezea umeme wa kuchekesha tu. Hasi ya taa ifungwe kwenye chuma kilichosuguliwa rangi, au bora irudi betrini yenyewe.

Umeme wa kuamrisha rilei uutoe kwenye waya wa fulu. Maana yake ukipiga dimu, spotlaiti nazo zinazimika zenyewe kwa mkono ule ule. Fundi akikuwekea swichi inayojitegemea, siku moja utapiga dimu na kusahau spotlaiti zinawaka, na jamaa wa lori anayekuja mbele hatakuwa na njia ya kukuuliza.

Na hapa kuna mtego wa Toyota unaowatoa jasho mafundi wengi. Toyota nyingi za miaka ile, Hilux na Land Cruiser zikiwemo, taa kubwa hukatwa upande wa hasi. Chanya inakuwepo kwenye balbu muda wote taa zinapowashwa, na ile swichi ya usukani inachofanya ni kufungua au kufunga njia ya hasi. Fundi aliyezoea gari za aina nyingine anaunganisha rilei kama alivyozoea, kisha anashangaa spotlaiti zinawaka kwenye dimu na kugoma kwenye fulu, au haziwaki kabisa. Anaanza kuitukana rilei, anabadilisha tatu. Rilei haina kosa. Apime kwanza kwa taa ya kupimia, aone ni upande gani unaobadilika ukipiga fulu, ndipo aunganishe. Ukimuuliza swali hilo kabla hajaanza na akakukodolea macho, mshukuru, umtafute mwingine.

Waya wote upite ndani ya bomba la plastiki, mbali na egzosi na feni, na kila unapopenya kwenye bati kuwe na mpira. Bati la gari ni kisu. Barabara mbovu inalitikisa kutwa nzima, na siku litakapomaliza kula ngozi ya waya, kama fyuzi iko mahali pake utapoteza fyuzi.

Kitu cha mwisho ni kulenga, na hiki hakuna anayekifanya. Ngao ikishafungwa pua imeinama, kwa hiyo hata taa zako za kiwandani sasa zinamulika chini zaidi ya zamani. Lazima zirekebishwe upya. Tafuta uwanja tambarare wenye ukuta, simamisha gari mita kama saba na nusu kutoka ukutani, pima urefu wa katikati ya kila spotlaiti kutoka ardhini, weka alama ya chaki ukutani kwa urefu ule ule. Kiini cha mwanga kikae sentimeta chache chini ya chaki, mbele moja kwa moja. Ule wa kutawanyika unaweza kuuelekeza nje kidogo, upande wa kushoto kwenye majani, kamwe usiwe upande wa wanaokuja.

Na sasa wewe wa mchele, sikiliza. Unakwenda Ifakara gari tupu, unarudi na magunia nyuma. Magunia yanakalisha nyuma, pua inanyanyuka, na taa zote ulizolenga vizuri ukiwa Tabata zinamulika nyota na macho ya madereva wenzako. Kwa hiyo kulenga kufanywe ukiwa na mzigo ule ule unaorudi nao usiku. Ukienda mchana mtupu taa zikawa chini kidogo, hakuna atakayeumia.

Hilo la macho ya wenzako lina uzito kuliko zamani. Mabasi ya abiria, ambayo tangu miaka ya 1990 yalizuiwa kusafiri usiku, yaliruhusiwa tena mwaka 2023. Kwa hiyo usiku ule ule unaorudi na mchele, kuna basi la watu zaidi ya 50 linakuja mbele yako. Dereva akipigwa na mwanga mkali, macho yake yanachukua sekunde kadhaa kurudi sawa. Mpe sekunde tatu tu, basi likiwa kwenye 80: limetembea mita 67 linaendeshwa na mtu asiyeona, na linakuja upande wako. Ukiona mwanga wake unapanda nyuma ya kilima, piga dimu wakati huo, usingoje uone taa zenyewe. Spotlaiti mjini zifunike kwa vile vifuniko vyake, hata trafiki hatakuwa na neno. Na taa nyekundu au za bluu mbele ni za polisi na wa dharura, wewe utaeleza nini ukisimamishwa?

Kwa hiyo mdogo wangu, orodha yako naipunguza hivi: springi na shokapu za mbele kwanza, taa za kiwandani zifufuliwe, ngao kamili ya kona za mviringo, spotlaiti mbili zenye rilei na fyuzi. Ya paa na nyingine mbili, hela yake nunua tairi. Ukirudi safari ya kwanza, kabla hujashusha mchele, chukua spana uzijaribu boliti zote za ngao, maana rangi iliyo chini ya washa huwa inasagika na boliti inalegea yenyewe.

Wiki ijayo tutaongelea winchi, kwani kuna dada wa Mbagala anauliza kama betri moja inatosha. Haya, tuonane.